Chuma Kikishaingia Hakina Njia ya Kutokea

Safu hii hupokea barua za kila namna, lakini mara hii tumezikusanya zile zinazouliza jambo moja kwa sura tofauti: inakuwaje mtu aliyezaliwa na ugonjwa wa damu, anayeambiwa kila siku kwamba damu yake ni pungufu, aambiwe pia kwamba mwili wake umejaa madini ya chuma? Majina ya walioandika tumeyaacha na barua tumezifupisha. Majibu yametolewa kwa ajili ya kuelewa, na hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa mwenyewe na vipimo vyake.

Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka sita na alizaliwa na thalasemia kali. Tangu alipotimiza mwaka mmoja huongezewa damu kila baada ya wiki tatu au nne. Mwezi uliopita niliambiwa kuwa ferritini yake, yaani kipimo cha damu kinachoashiria chuma kilichohifadhiwa, imefika 3,200 na kwamba aanze dawa ya kuondoa chuma bila kuchelewa. Sielewi. Mtoto mwenye upungufu wa damu anawezaje kuzidiwa na chuma? Na kama kimezidi, mbona hakitoki kwenye mkojo kama vitu vingine?

Marahaba, mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote. Chumvi ikizidi mwilini figo huitoa, maji yakizidi hutoka, na hata vitamini C ikizidi huonekana kwenye mkojo siku hiyo hiyo. Chuma hakimo katika kundi hilo. Mwili wa binadamu hauna kiungo wala homoni yenye kazi ya kukitoa nje pale kinapozidi. Kinachopotea ni kile tu kinachoandamana na seli za ngozi na za utumbo zinapobabuka, na kile kinachotoka pamoja na damu yenyewe, kama kwa mwanamke aliye katika hedhi. Jumla yake kwa mtu mzima ni miligramu 1 hadi 2 kwa siku, na utumbo huingiza kiasi kama hicho kutoka katika chakula, basi hesabu inalingana. Udhibiti wote umewekwa kwenye mlango wa kuingilia, yaani utumbo. Damu ya kuongezewa haipiti mlango huo, bali chuma chake huingia moja kwa moja kwenye mshipa.

Ubahili huu wa mwili una sababu. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake, na karibu theluthi mbili zake zimo ndani ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Seli nyekundu ya kawaida huishi kwa takribani siku 120, kisha humezwa na seli walaji zilizomo katika bandama, ini na uboho. Seli hizo huivunja, huchopoa chuma chake na kukirudisha kwenye damu ili uboho ukitumie kutengeneza seli mpya. Kwa njia hiyo miligramu 20 hadi 25 za chuma huzungushwa kila siku, kiasi ambacho ni zaidi ya mara kumi ya kile kinachotoka kwenye chakula. Ni mfumo uliojengwa kwa ajili ya uhaba, na uhaba unaumudu vizuri sana. Wingi haukutazamiwa.

Sasa tuje kwenye chupa ya damu. Kila mililita ya seli nyekundu tupu ina zaidi kidogo ya miligramu 1 ya chuma, na chupa moja ya mtu mzima huwa na miligramu 200 hadi 250. Mgonjwa wa thalasemia anayeongezewa damu kwa ratiba hupokea, ukigawanya kwa siku zote za mwaka, kati ya miligramu 0.3 na 0.6 za chuma kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tuchukue mtoto wa kilo 20 anayepokea miligramu 0.4: hizo ni miligramu 8 kila siku, yaani karibu gramu 3 kwa mwaka. Hicho ni chuma kinachokaribia kile kilichomo katika mwili wote wa mtu mzima, kimeingia ndani ya mtoto mdogo kwa miezi kumi na miwili. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba chenyewe hakina tundu.

Kuhusu upungufu wa damu, tatizo la mwanao halikuwa chuma tangu mwanzo. Himoglobini hujengwa kwa vitu viwili: kiini chenye chuma, na minyororo ya protini inayoitwa globini. Katika thalasemia jeni ya mojawapo ya minyororo hiyo ina hitilafu, kwa hiyo mnyororo huo hautengenezwi au hutengenezwa kidogo mno. Ni kama fundi mwenye matofali tele ambaye hana saruji. Kumletea matofali zaidi hakuinui ukuta, kunajaza uwanja tu.

Na uwanja huo hujaa kwa utaratibu. Chuma cha seli nyekundu zilizoongezwa hufikia kwanza katika seli walaji, nazo hukihifadhi ndani ya ferritini, ambayo ni protini yenye umbo la tufe lililo wazi ndani, iliyoundwa kwa vipande 24, na tufe moja laweza kubeba hadi atomu 4,500 za chuma. Ferritini ni uhifadhi salama, kwani chuma kikiwa ndani yake hakigusi kitu. Zinapojaa, baadhi huvunjika na kugandamana kuwa mabonge yanayoitwa himosiderini, ambayo hutoa chuma kwa shida na kwa uzito. Wakati huo huo chuma kingine hurudishwa kwenye damu na kupakiwa juu ya transferini, protini ya usafirishaji yenye nafasi mbili tu za abiria. Kwa mtu mwenye afya takribani theluthi moja ya nafasi hizo ndizo zinazokaliwa. Kwa mgonjwa anayeongezewa damu nafasi hujaa, na zikishakaliwa zaidi ya asilimia 70 hivi, chuma huanza kuelea katika damu bila mbebaji.

Hapo ndipo maji huzidi unga. Chuma kilichobebwa na transferini huingia kwenye seli kwa kuhesabiwa, kwa sababu seli iliyoshiba huondoa vipokezi vyake. Chuma kisicho na mbebaji hakingoji kukaribishwa. Huingia ini kwa wingi, na baadaye misuli ya moyo, kongosho, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na tezi ya shingo. Ndani ya seli hizo chuma huru kinapokutana na peroksidi ya haidrojeni, ambayo kila seli inayo kidogo, huzalisha chembechembe kali zinazounguza mafuta ya utando wa seli, protini na hata vinasaba. Mtu aliyewahi kuona kutu ikila bati ana picha iliyo karibu na ukweli, kwa kuwa wahusika ni wale wale, chuma na oksijeni. Ini hupata makovu, moyo hupoteza mdundo wake au nguvu zake, kongosho hushindwa kutoa insulini, na mtoto ambaye pituitari yake imeguswa huchelewa kurefuka na kubalehe.

Waliokuambia msicheleweshe dawa wamekwambia kweli. Kwa kawaida matibabu huanza baada ya mgonjwa kuongezewa damu mara 10 hadi 20, au ferritini ikivuka nanogramu 1,000 kwa mililita, kwa watoto waliokwisha kufikia miaka miwili. Mwanao ameipita alama hiyo, ila si kwamba mambo yameharibika. Ini la mtoto hupona vizuri chuma kikiondolewa. Jambo moja nakusihi: usipunguze damu anayoongezewa kwa kuogopa chuma. Bila damu hiyo uboho wake utajitanua na kuharibu mifupa, naye atadumaa kwa sababu nyingine.

Mimi ni kijana wa miaka 27 mwenye thalasemia ya kati. Maishani nimeongezewa damu mara mbili tu, na situmii vidonge vya chuma. Ferritini yangu ni 900, nikajiona salama. Lakini MRI ya ini imeonyesha miligramu 9 za chuma kwa gramu moja ya ini kavu, na daktari amesema ni nyingi. Chuma hicho kimetoka wapi ikiwa sikuongezewa?

Ndugu yangu, kimetoka kwenye sahani yako, na utumbo wako ndio uliokifungulia.

Katika jibu lililotangulia nimesema kuwa udhibiti wote uko mlangoni. Bawabu wa mlango huo ni homoni ndogo ya ini inayoitwa hepsidini, yenye asidi amino 25 tu. Waliokutana nayo mwanzo, karibu mwaka 2000, walikuwa wakitafuta viua vijidudu ndani ya damu na mkojo, na ndiyo maana jina lake lina maana ya kiua vijidudu kutoka ini. Muda mfupi baadaye ilidhihirika kuwa kazi yake kubwa ni nyingine kabisa. Hepsidini hushika feropotini, ambayo ndiyo tundu pekee linalojulikana la chuma kutoka ndani ya seli kwenda kwenye damu, na kuifanya iharibiwe. Hepsidini ikipanda, chuma hubaki ndani ya seli za utumbo na hutupwa zinapobabuka, na kile cha seli walaji hubaki humo. Ikishuka, milango yote hufunguka.

Kwa mtu mwenye afya chuma kikijaa hepsidini hupanda, na mambo huishia hapo. Kwako kuna sauti nyingine inayolipigia ini kelele. Uboho wako unatengeneza seli changa za damu kwa bidii ya kupindukia, ila nyingi hufa humo humo kabla hazijatoka, kwa kuwa minyororo ya globini isiyopata mwenzake hugandamana na kuziua. Seli hizo changa hutoa homoni inayoitwa eritroferoni, iliyotambuliwa mwaka 2014 na watafiti wa Los Angeles, ambayo huliamuru ini lipunguze hepsidini ili chuma kipatikane kwa ajili ya kutengeneza damu. Amri hiyo ingekuwa na maana kwa mtu aliyevuja damu. Kwako haina maana, lakini ini haliwezi kujua. Badala ya kuingiza miligramu 1 hadi 2 kwa siku, utumbo wa mtu wa hali yako unaweza kuingiza 3 au 4, na kwa mwaka mzima ziada hiyo hufika karibu gramu nzima. Kwa miaka 27 mtu hahitaji kuambiwa zaidi.

Ferritini ilikudanganya kwa sababu ile ile. Ferritini inayopimwa kwenye damu hutoka zaidi katika seli walaji. Kwako hepsidini iko chini, hivyo seli walaji zimefunguliwa na ni tupu kiasi, huku chuma kikilundikana ndani ya seli zenyewe za ini. Kwa hiyo namba ya 900 kwako si sawa na 900 ya mtu anayeongezewa damu kila mwezi. Yako inaficha mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo sababu kwa thalasemia isiyotegemea kuongezewa damu, dawa hufikiriwa ferritini ikifika 800, au ini likifika miligramu 5 kwa gramu, wakati ini la kawaida halizidi miligramu 1.8. Daktari wako ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Je, chakula kinasaidia? Kidogo. Chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza kiasi cha chuma kinachofyonzwa, na hilo limepimwa kwa wagonjwa wa thalasemia wa aina yako. Kupunguza maini na nyama nyekundu si vibaya. Lakini nisingependa uishi kwa kujinyima ukidhani ndiyo tiba, kwa sababu mlango ukiwa wazi chuma kitaingia tu, na kilichokwisha kuingia hakitolewi na chai.

Daktari, nina selimundu na nina miaka 34. Tangu nilipopata dalili za kiharusi utotoni nimekuwa nikiongezewa damu kwa ratiba. Nilipolazwa kwa maumivu makali mwezi uliopita ferritini ilikuwa 4,100. Rafiki yangu mwenye thalasemia alifariki kwa moyo akiwa na namba ndogo kuliko hiyo. Nifanye nini?

Dada, pole kwa msiba wa rafiki yako. La kwanza ni kurudia kipimo ukiwa mzima. Ferritini hupanda pamoja na mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka kwa kujihami, na maumivu makali ya selimundu ni mchochota mtupu. Ini likiugua pia huimwaga kwenye damu. Namba iliyochukuliwa kitandani katikati ya maumivu haielezi ghala lako. Ichukulie kama kivuli cha mtu wakati wa magharibi, ambacho ni kirefu kuliko mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye, ukiwa umetulia, ndipo ipimwe, na ikipimwa mara tatu nne kwa mwaka mwelekeo wake hueleza zaidi kuliko namba yoyote moja.

La pili ni kwamba selimundu na thalasemia huhifadhi chuma mahali tofauti. Mchochota wa kudumu wa selimundu huinua hepsidini, na hepsidini iliyo juu hufungia chuma ndani ya seli walaji, ambako ni salama kiasi. Isitoshe, sehemu ya seli nyekundu za selimundu, ambazo huishi siku 10 hadi 20 tu, hupasukia ndani ya mishipa yenyewe, na kiasi fulani cha chuma chake hupotea kupitia mkojo. Kwa hiyo moyo na tezi za mgonjwa wa selimundu huguswa na chuma kwa nadra zaidi, na kwa kuchelewa, kuliko vya mgonjwa wa thalasemia mwenye mzigo kama huo. Ini halina bahati hiyo. Ini lako hupokea chuma kama la mwingine yeyote, na makovu yake hayachagui ugonjwa uliokuleta.

Kumbuka pia kwamba mgonjwa wa selimundu ambaye hajawahi kuongezewa damu mara kwa mara si lazima awe na chuma kingi. Wengine hupungukiwa nacho kabisa. Walio kama wewe ndio walioongezeka katika kliniki tangu mwaka 1998, utafiti wa Amerika ya Kaskazini ulipoonyesha kuwa kuwaongezea damu kwa ratiba watoto wa selimundu wenye hatari kubwa hupunguza kiharusi cha kwanza kwa karibu asilimia 90. Matibabu yaliokoa ubongo na yakaleta swali la chuma. Mimi naona ni biashara yenye faida, mradi swali hilo lisiachwe bila jibu.

La tatu ni MRI. Kipimo hicho hutumia ukweli kwamba chuma ni cha sumaku na huvuruga mawimbi ya mashine, hivyo kiungo chenye chuma kingi hutia giza haraka zaidi. Kwa moyo husomwa muda unaoitwa T2*, njia iliyotangazwa na madaktari wa London mwaka 2001: zaidi ya milisekunde 20 ni salama, chini ya 20 kuna chuma, na chini ya 10 hatari ya moyo kushindwa kazi iko karibu. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kiliwafundisha madaktari kuwa ini na moyo havisemi jambo moja kwa wakati mmoja; mtu anaweza kuwa na ini lililosafishwa na moyo uliojaa, na huenda hilo ndilo lililomkuta rafiki yako. Omba vipimwe vyote viwili. Uliza pia kama hospitali yako ina uwezo wa kubadilisha damu, yaani kutoa seli zako huku ukiingiziwa nyingine, badala ya kuongeza tu. Kwa njia hiyo chuma kinachoingia hukaribiana na kile kinachotoka.

Nimesoma kuwa kuna ugonjwa ambao chuma kikizidi mgonjwa hutolewa damu tu, bila dawa. Kwa nini binti yangu mwenye thalasemia asitolewe naye?

Ugonjwa uliousoma ni himokromatosisi ya kurithi. Aina yake iliyo ya kawaida, ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1996 na huonekana hasa kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ni hitilafu ya bawabu peke yake: hepsidini ni ndogo, ila uboho ni mzima. Ukimtoa mgonjwa huyo nusu lita ya damu umemtoa miligramu 200 hadi 250 za chuma, na uboho wake hujaza pengo kwa kuchota chuma ghalani. Binti yako hana uboho wa kujaza pengo hilo. Ukimtoa damu leo itabidi aongezewe kesho, na chuma kitarudi na chupa. Kuna wakati mmoja tu njia hiyo humfaa mgonjwa wa thalasemia, nao ni baada ya kupandikizwa uboho na kupona. Chuma cha zamani hakiondoki kwa sababu ugonjwa umekwisha, na hapo kutoa damu kidogo kidogo ni njia rahisi na nzuri.

Na kwa kuwa wawili wameuliza pembeni: zile dawa zinazouzwa kwa jina la kusafisha damu hazichopoi chuma ndani ya ini. Baadhi yake zimeongezewa chuma. Someni kibandiko.

Kwa miaka mitatu nimemeza vidonge vya chuma kwa sababu seli zangu nyekundu ni ndogo na himoglobini iko chini kidogo. Hakuna kilichobadilika. Sasa nimeambiwa kuwa mimi ni mbebaji tu wa jeni ya thalasemia. Nimejidhuru?

Huenda hukujidhuru. Mbebaji wa jeni moja ana utumbo unaojizuia karibu sawa na wa mtu yeyote, na mara chache hurundika chuma. Lakini vidonge hivyo havikuwa na kazi, kwani udogo wa seli zako ni wa kuzaliwa. Pima ferritini mara moja. Ikiwa ya kawaida, acha vidonge na usivirudie mpaka kipimo kionyeshe kweli umepungukiwa, jambo linaloweza kumpata mbebaji pia, hasa mjamzito. Mwenzi wako naye apimwe kabla hamjazaa.

Nina miaka 16. Kila usiku natakiwa kujichoma sindano tumboni na kulala na pampu kwa saa kumi, siku tano au sita kwa wiki. Nikiruka wiki mbili sijisikii vibaya hata kidogo. Kwa nini iwe kila siku, wakati chuma chenyewe huchukua miaka kuharibu? Na mkojo wangu umekuwa mwekundu, sijamwambia mtu.

Kijana wangu, nianze na mkojo ili ulale vizuri. Dawa yako, deferoksamini, ikishika chuma hutengeneza kiunganishi chenye rangi ya kutu, na sehemu yake hutoka kwa mkojo, nyingine kwa kinyesi. Rangi hiyo ndiyo chuma chenyewe kikitoka kwa njia ambayo mwili haukuwa nayo. Mwambie daktari wako hata hivyo, kwa sababu mkojo mwekundu una sababu nyingine pia.

Swali lako la kwanza ni la akili, na hujibiwa vibaya mara nyingi kwa kumkaripia anayeuliza. Ni kweli ghala hujaa kwa miaka. Lakini dawa hizi hazipigi ghala peke yake. Kila siku chuma kisicho na mbebaji huzunguka katika damu yako, na hicho ndicho kinachoingia moyoni. Dawa inapokuwa kwenye damu hukidaka. Inapokwisha, chuma hicho huonekana tena ndani ya muda mfupi. Deferoksamini hutoweka kwenye damu upesi, kwa dakika na si kwa saa, na ndiyo sababu ya pampu: haifai kumezwa, na ikidungwa kwa mara moja hupita kabla haijafanya kazi. Wiki mbili bila dawa ni wiki mbili ambazo moyo wako haukuwa na kinga, ingawa hukuhisi kitu. Moyo hauumi unapojaa chuma. Huonyesha umejaa pale mdundo unapokosea.

Zaidi ya hayo, moyo husafika polepole kuliko ini. Ini laweza kupungua chuma kwa miezi; moyo mara nyingi hudai mwaka na zaidi wa dawa isiyokatizwa. Kabla ya dawa hizi watu wenye thalasemia kali walioongezewa damu walikuwa wakifariki kwa moyo katika ujana, wengi kabla ya miaka ishirini au muda mfupi baadaye. Deferoksamini, iliyotokana na bakteria wa udongoni na kuanza kutumika miaka ya 1960, ndiyo iliyoigeuza hesabu hiyo. Waliodumu nayo sasa ni watu wazima wenye watoto na kazi zao.

Hata hivyo sikulazimishi pampu. Siku hizi kuna dawa mbili za kumeza, na ni halali yako kuziulizia. Deferasiroksi humezwa mara moja kwa siku na hubaki kwenye damu usiku na mchana. Chuma hutoka kwa kinyesi, na figo na ini hupimwa kila mwezi. Deferiproni humezwa mara tatu kwa siku, huingia ndani ya seli za moyo vizuri, na mara nyingi huunganishwa na pampu pale moyo ulipokwisha kujaa. Ubaya wake ni kwamba kwa wachache hushusha ghafla seli nyeupe zinazopigana na maambukizi, ndiyo maana hesabu ya seli hizo hufuatiliwa kwa karibu, na anayeitumia akipata homa au koo kuuma huiacha saa ile ile na kwenda kupimwa. Dawa unayoimeza kweli ni bora kuliko pampu iliyoko kabatini, na daktari mwenye busara atalisikia hilo kutoka kwako bila kukasirika.

Maadamu bado uko kwenye pampu, zingatia mambo mawili. Vitamini C huongeza kiasi cha chuma kinachotoka, lakini kwa wingi hukifungulia kiende moyoni; ukipewa, iwe dozi ndogo aliyoiandika daktari na siku za pampu tu. Na ukipata homa pamoja na maumivu ya tumbo na kuharisha, simamisha dawa na uende hospitali siku hiyo hiyo, ukieleza kuwa unatumia deferoksamini. Kuna bakteria anayeitwa Yersinia ambaye hukitumia chuma kilichoshikwa na dawa hiyo kama chakula chake, na anayekupokea asipojua unatumia nini anaweza kudhani ni tumbo la kawaida.